Shujaa Mtulivu wa Mwezi

Serikali iliamua kwamba ifikapo tarehe mosi ya mwezi wa saba, watu wote waliorudi vitani na kiwewe wawe wameshatulia. Uamuzi huo ulitangazwa kwa mabango, kwa vipaza sauti, na kwa barua yenye mihuri mitatu iliyopelekwa kwa kila aliyewahi kushika bunduki kwa niaba ya nchi. Tarehe haikuchaguliwa ovyo. Ndiyo siku mwaka mpya wa ripoti ulipoanza, na Idara ya Utulivu wa Mashujaa isingependa kuingia mwaka mpya na hofu za mwaka jana.

Barua moja ilimfikia Dereva. Huyu aliendesha malori ya jeshi miaka kumi na moja, na lori lake la mwisho lilikanyaga bomu la kutegwa likiwa na watu sita, wakashuka wawili. Tangu hapo, mlango ukibamizwa, Dereva hujikuta chini ya meza kabla hajaamua kwenda huko. Mkewe alishazoea. Huinama kidogo na kumuuliza, "Baba Pacha, chai nikuletee huko huko?"

Barua ilimtaka atulie. Tatizo ni kwamba alikuwa ameshaanza, tena bila kibali.

Miezi minne nyuma, Muuguzi wa zahanati ya mtaani, mama wa makamo mwenye mwendo wa mtu anayechelewa, aliwakusanya askari tisa wa zamani kwenye uwanja wa mpira. Hakuwaambia wasimulie ya vitani. Aliwaambia watembee. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi walizunguka uwanja mara nane, mizunguko miwili ya mwisho mbio mbio mpaka jasho liwatoke, kisha wakanyoosha viungo na kwenda zao. Jioni kila mmoja alipata ujumbe wake kwenye simu: "Leo ikoje? Moja hadi tano." Moja ni mbaya, tano ni nzuri. Aliyeandika tatu kwenda juu aliachwa apumzike. Aliyeandika mbili au moja alipigiwa.

"Mwanangu," Muuguzi angesema, "umeniandikia mbili. Hebu niambie, hiyo mbili imekaaje?"

Na mtu mzima na ndevu zake angejikuta anaeleza mbili yake ilivyokaa.

Mwezi wa tatu wa kutembea, Dereva alirudi kulala kitandani. Kabla ya hapo alikuwa akilala sakafuni, mgongo ukutani. Mkewe alisogea akamwachia upande unaoona mlango. Na yule wa pili aliyeshuka kwenye lori naye alianza kufunguka. Walimwita Redio, kwa kuwa vitani alibeba redio ya mawasiliano, na kwa kuwa tangu arudi hakuna aliyewahi kuikamata idhaa yake. Asubuhi moja, kwenye mzunguko wa sita, Redio alisema sentensi nzima. Alisema, "Raba zangu zinabana." Wenzake wakatembea mpaka mwisho bila mtu kujibu, kwa heshima.

Hapo Muuguzi akafanya kosa la kitaalamu. Aliandika ripoti. Ilikuwa nusu ukurasa tu, kuomba raba za Redio, lakini ilieleza kwamba watu wanapona, na habari ya namna hiyo haikai chini. Ilipanda ngazi kwa ngazi mpaka mezani kwa Mkurugenzi Mkuu wa Idara ya Utulivu wa Mashujaa.

Mkurugenzi hakuwahi kwenda vitani, lakini alihudhuria semina tatu kuhusu vita, moja ya siku tano, na kwa sababu hiyo aliijua vita kwa upana kuliko askari, ambao kila mmoja alikuwa ameiona kwa upande wake tu. Alifika uwanjani kukagua saa nne asubuhi, muda wa kazi. Hakukuta mtu. Akaandika kwenye daftari lake: "Washiriki hawaonekani. Dalili za uzembe." Kisha akaagiza waitwe.

"Ndugu mashujaa," aliwaambia wakiwa wamepangwa mstari juani, "nimesoma kwamba jambo lenu linafanya kazi. Jambo likifanya kazi, haliwezi kuachwa hivi hivi bila usimamizi."

Usimamizi ukaanza. Muuguzi alipandishwa cheo, maana yake aliondolewa. Alipelekwa makao makuu kuwa mjumbe wa Kamati ya Kuandaa Mwongozo wa Taifa wa Kutembea, yeye akiwa ndiye mjumbe pekee aliyesomea mwili wa binadamu. Simu aliyokuwa akitumia kuwaandikia ilichukuliwa na namba yake ikaunganishwa na mfumo mpya. Kamati ilikaa vikao kumi na vitatu na bado ilikuwa sura ya kwanza, yenye kichwa "Dhana ya Mguu."

Mfumo mpya uliitwa TULIA. Kila askari wa zamani nchini alipewa saa ya mkononi inayohesabu mapigo ya moyo, pamoja na programu ya simu ya kuhesabu hatua na kupokea maelekezo. Mkurugenzi mwenyewe ndiye aliyetoa mafunzo.

"Moyo ukizidi mapigo mia na arobaini bila ruhusa," alieleza, "saa itapiga king'ora."

Dereva akanyoosha mkono. "King'ora cha nini, mzee?"

"Cha kukujulisha kwamba una hofu."

"Mimi nikiwa na hofu huwa najua."

"Unajua wewe. Idara je, itajuaje?" Mkurugenzi alimtazama kwa huruma, kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyesahau jina lake. "Kingine. Kutembea sasa ni kuanzia saa nne mpaka saa sita, maafisa wetu wakiwa wamefika kazini. Na zile habari za kuandikiana moja hadi tano zimefutwa. Haziwezi kuwekwa kwenye jedwali. Mwenye tatizo atajaza fomu kwenye simu. Ni maswali arobaini na moja tu."

Swali la tisa liliuliza: "Jinamizi lako lilitokea (a) ardhini, (b) angani, (c) majini, (d) kwingineko, fafanua." Swali la thelathini na mbili lilitaka majina na sahihi za mashahidi wawili walioliona.

Wiki ya pili, Dereva alikuwa kwenye foleni ya mkate pamoja na wenzake wawili wa uwanjani. Mwenye duka akaangusha trei ya bati yenye unga. Moyo wa Dereva ukaruka, kama kawaida yake. Zamani angeshika ukingo wa kaunta, akahesabu pumzi kama Muuguzi alivyomfundisha, yakaisha. Safari hii saa ikalia mkononi mwake kama gari la zimamoto. Yeye akawa chini ya kaunta. Mwenzake wa nyuma aliposikia king'ora, moyo wake ukapanda, saa yake ikalia. Wa tatu naye hakubaki nyuma. Watu watatu wazima walilala kwenye unga uliomwagika, kila mmoja akitishwa na saa ya jirani yake, na kadiri saa zilivyolia ndivyo mioyo ilivyokwenda mbio, na kadiri mioyo ilivyokwenda mbio ndivyo saa zilivyolia.

Dakika kumi baadaye waliingia Maafisa Watuliza wawili, wanaume wa miraba minne waliovaa fulana za buluu.

"Mhusika, simama," mmoja alimwambia Dereva. "Saa imelia, una mizunguko minane uwanjani."

"Ndugu yangu, nizimie hii saa tu. Nikipumua kidogo nitakuwa sawa."

Afisa alifungua kijitabu chake. "Kipengele cha kumi na nne. Mhusika anayedai kuwa yuko sawa, au anayetaka kuvua kifaa kikiwa kinalia, atahesabiwa kuwa na hofu ya kiwango cha juu. Kukana ni dalili."

"Na nikikubali kwamba naogopa?"

"Kukubali ni uthibitisho."

Wakampeleka uwanjani saa saba mchana na jua la utosi. Alizunguka mara nane, saa ikilia, maafisa wakimsindikiza kila upande, na watoto wa shule wakimshangilia wakidhani ni mashindano. Alipomaliza, simu ilimwandikia: "Hongera, umepanda daraja." Usiku huo Dereva alirudi sakafuni.

Haikuchukua muda watu wakajua la kufanya. Walivua saa wakiwa nyumbani, zikiwa kimya, wakaziacha mezani, kwenye droo, juu ya friji. Mfumo ukasoma mapigo sifuri. Wataalamu wa Idara walipoulizwa sifuri iingizwe wapi, walijadiliana wakakata kauli kwamba moyo unaopiga sifuri hauna kiherehere hata kidogo, kwa hiyo uingizwe kwenye safu ya Utulivu Kamili. Mwezi haukuisha kabla Mkurugenzi hajalitangazia taifa kwamba utulivu umefikia asilimia tisini na saba, na kwamba asilimia tatu iliyobaki ni ya watu wanaovaa saa.

Kila Ijumaa simu za mashujaa wote zilipokea Jedwali la Utulivu. Ijumaa moja Dereva alikuwa mezani na chai yake, akalifungua. Wa kwanza kitaifa, juu kabisa, mwenye nyota ya dhahabu, alikuwa Redio. Mapigo sifuri, hatua sifuri, siku ya nne mfululizo. Chini yake iliandikwa: "Shujaa Mtulivu wa Mwezi. Tuige mfano wake."

Mkewe alisoma kwa nyuma ya bega lake. "Sifuri ya nini hiyo?"

"Ya moyo."

"Nanyi si mnaziweka tu kwenye droo?"

"Saa tunaziweka. Hatua mfumo unazihesabu kwenye simu. Simu kila mtu anatembea nayo." Akapitisha kidole kwenye safu ya Redio. "Siku nne hajanyanyua mguu."

Mkewe aliweka birika chini. "Baba Pacha, mtu wa hivyo hajatulia."

"Najua."

"Sasa mbona umekaa?"

Dereva hakuwahi kukimbia tangu arudi vitani, nje ya ile mizunguko miwili ya mwisho. Siku hiyo alikimbia mitaa mitano kwa kandambili. Mama mwenye nyumba ya Redio alikuwa akifagia uani.

"Huyo kasafiri," alisema. "Siku nne hizi sijamwona."

"Kaaga?"

"Tangu lini akaaga?"

Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Dereva aliita. Kimya. Akaita kwa jina la jeshini. Kimya. Ilibaki kuuvunja, na hapo miguu ikamgomea, kwa sababu katika vitu vyote duniani, sauti ya mlango unaopigwa ndiyo aliyoikimbia miaka yote hiyo. Sasa yeye ndiye atakayeipiga. Jasho likamtoka kabla hajagusa kitu. Saa aliyoinyakua akitoka nyumbani, ili asiandikwe mtoro, ikaanza kulia. Akafumba macho, akaupiga teke mlango mara moja, mara mbili, na mara ya tatu kitasa kikang'oka.

Redio alikuwa kwenye pembe ya chumba, nyuma ya kabati, magoti kifuani. Midomo ilikuwa imekauka mpaka imepasuka. Saa yake ilikaa juu ya kabati, imetulia. Simu ilikuwa kiganjani, na Dereva aliichukua taratibu akasoma. Redio alikuwa ameandika kwenye namba ya zamani ya Muuguzi: moja. Akaandika tena: moja. Mara tisa kwa siku nne. Na mara tisa mfumo ulimjibu: "Ujumbe wako umepokelewa. Tafadhali jaza fomu."

King'ora cha Dereva kilikuwa bado kinalia. Akaivua ile saa akaitumbukiza kwenye ndoo ya maji iliyokuwa mlangoni, ikalia kidogo kwa sauti ya chura, ikanyamaza. Kisha akakaa sakafuni, bega kwa bega na mwenzake.

"Moja?" Dereva aliuliza.

Redio akanyanyua kidole kimoja.

"Twende ikawe mbili."

Alimnyanyua kwa kwapa. Uani, baada ya Redio kunywa maji kikombe kizima kwa vifunda vidogo vidogo, walianza kuzunguka. Ua wenyewe ulikuwa wa hatua kumi na mbili, ukitoa kamba za nguo. Walizunguka, wakapumzika, wakazunguka. Mama mwenye nyumba aliacha kufagia akaleta chai ya sukari nyingi. Mke wa Dereva naye alishapiga simu nyumbani kwa Muuguzi, kwa binti yake, na binti alishapiga makao makuu. Muuguzi alipata habari kikaoni, wajumbe wakiwa wanajadili iwapo kisigino ni sehemu ya mguu au kinajitegemea. Hakuomba ruhusa kwa mwenyekiti. Alifika na dripu mkobani.

Jumatatu ikaja barua. Shujaa Mtulivu wa Mwezi alialikwa kwenye ukumbi wa mikutano kupokea cheti mbele ya Waziri.

"Si lazima uende," Muuguzi alimwambia.

Redio aliikunja barua akaitia mfukoni. "Nitaenda," alisema.

Ukumbi ulijaa. Jukwaani palikuwa na skrini kubwa kama ukuta wa nyumba, ikionyesha mapigo ya moyo ya wahusika wa siku hiyo moja kwa moja. Mkurugenzi alikuwa amevaa saa yake mpya mbele ya kamera, kuonyesha mfano wa uongozi: sabini na mbili. Pembeni yake jina la Redio lilionyesha sifuri, na Redio mwenyewe alikuwa amesimama pale pale, akipumua.

Waziri alimwinamia Mkurugenzi. "Mbona huyu ana sifuri na yuko hapa?"

"Nidhamu, Mheshimiwa," alisema Mkurugenzi. Kwenye skrini alipanda hadi sabini na nane.

Redio akapewa kipaza sauti aseme neno la shukrani. Dereva, aliyekuwa safu ya tatu, aliona mwenzake akikishika kwa mikono miwili. Redio aliongea taratibu, kama mtu anayesoma ujumbe wa vitani ambao lazima ufike bila kukosea herufi.

"Saa yangu iko juu ya kabati. Mimi nilikuwa nyuma ya kabati siku nne. Niliandika kwenu mara tisa kwamba nina hali mbaya. Mara tisa mkaniambia nijaze fomu. Aliyetulia ni kabati. Cheti hiki lipelekeeni kabati."

Akarudisha kipaza sauti, akashuka, akaenda kukaa.

Kwenye skrini Mkurugenzi alikuwa mia na kumi na sita. Waandishi wa habari wakasogea. Mia na ishirini na tisa. Waziri akamgeukia polepole, kiti kikalia. Mia na arobaini na tatu. King'ora cha Mkurugenzi kikaanza kuimba ukumbi mzima, na askari wa zamani mia mbili, ambao wote waliacha saa zao nyumbani, walimtazama kwa utulivu wa asilimia mia.

Mkurugenzi akashika mkanda wa saa. Maafisa Watuliza wawili walikuwa wameshafika.

"Mhusika, acha kifaa."

"Nyinyi, mimi niko sawa," alisema Mkurugenzi.

Afisa akafungua kijitabu. "Kukana ni dalili, mzee."

"Kipengele hicho nimekiandika mimi."

"Ndiyo maana hatuwezi kukipuuza."

Wakamshika kwapa, huku na huku, wakampeleka uwanjani. Waziri, kwa kudhani ni maonyesho ya namna mfumo unavyofanya kazi, alisimama akapiga makofi, na waliokuwa nyuma yake wote wakasimama wakapiga. Mkurugenzi alizunguka mara nane na suti yake na tai yake. Kwa kuwa saa ilikuwa bado inalia alipomaliza, na kwa kuwa kanuni zinasema ambaye saa yake inalia baada ya mizunguko minane ana kiwewe sugu, aliandikishwa kwenye programu ya siku tisini, inayoweza kuongezwa.

Habari hiyo iliwashughulisha maafisa wote wa Idara, kwa sababu hakuna aliyetaka kuonekana amemlegezea bosi. Wakawa wanampangia zamu. Askari wa zamani hawakubaki na wa kuwasimamia, wakarudi uwanjani saa kumi na mbili asubuhi. Muuguzi alirudi zahanati. Mpaka leo Kamati haijagundua kwamba hayupo, maana hajawahi kupewa nafasi ya kuongea.

Mwezi ulipoisha, Dereva alikwenda makao makuu na mfuko wenye saa zote tisa za wenzake wa uwanjani, kuzirudisha na kupewa hati ya mapokezi. Mbele yake dirishani alisimama mtu aliyekonda, uso umebabuka kwa jua, na saa ikilia kwa vipindi kwenye mkono wake. Dereva hakumtambua mpaka aliposikia sauti.

"Nataka kuondolewa kwenye programu," alisema Mkurugenzi. "Nijazie fomu ya kutoka."

Karani alipekua kabrasha bila haraka. "Fomu iko hapa, mzee. Inahitaji sahihi ya Mkurugenzi Mkuu."

"Mkurugenzi Mkuu ni mimi. Nipe kalamu."

"Haiwezekani. Hapa umeandikwa mgonjwa, na mgonjwa hajisainii kutoka."

"Basi kuna anayekaimu."

"Kukaimu lazima Mkurugenzi mwenyewe amteue mtu. Kwa maandishi, akiwa na afya njema."

Saa ikapandisha sauti. Mkurugenzi aliifunika kwa kiganja, akageuka, akamwona Dereva. Akautazama mfuko.

"Nyinyi mlitokaje?" aliuliza.

"Hatukutoka, mzee," alisema Dereva. "Hakuna aliyekuja kutuhesabu tena."

Mkurugenzi akarudi dirishani, akaegemeza viwiko vyote viwili kwenye ubao. "Huyo Mkurugenzi wenu," aliuliza kwa sauti ndogo, "sasa atarudi kazini lini?"

Karani alichungulia rejesta, akaifunga.

"Akishatulia," alisema, na akamwita Dereva asogee.